Fundi na Betri Nilizoanika

Nikianza kwa kusema alikuwa mtu mwema, mtadhani namsifu ili nijisafishe. Kwa hiyo naanza na ubaya wake. Alikuwa mwizi wa bao. Kete alizibana katikati ya vidole, akazihamisha huku akikohoa, na kikohozi chenyewe hakikuwa cha ugonjwa. Mtaa mzima wa Gongoni ulijua, na bado watu walikaa kucheza naye, kwa sababu akishinda kwa wizi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akakunywesha kahawa. Lakini mtu huyo huyo, ukimdanganya juu ya betri, hata iwe betri ya tochi ya kuendea chooni, hasemi nawe wiki nzima.

Tulimwita Fundi. Mafundi Tabora walijaa, wa cherehani, wa baiskeli, wa magodoro, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, watu walijua unamtaja yule wa redio, aliyekuwa na chumba chake kando ya njia ya zamani ya misafara, ile iliyokuwa ikienda Ujiji. Jina lake nalijua na sitaliandika. Liliwahi kuandikwa mahali pasipolistahili, likasomwa mbele ya watu kama jina la mtu aliyeua kwa uzembe, na aliyelifikisha hapo ni mimi. Hilo mlijue tangu sasa, ili nikicheka mahali fulani humu msidhani nimesahau.

Mimi nilikuwa karani wa stoo katika ofisi moja ya serikali. Msichana wa Puge, mkulima mtoto wa wakulima, niliyesoma kidogo kuliko nilivyojisifia na kupata kazi ya kukaa kwenye kiti. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, watu wanahamishwa, shule na zahanati zinajengwa upesi upesi, na vitu vyote vya kuzijaza vilipita mkononi mwangu: vitanda, chaki, sufuria, taa. Redio zilizokufa za ofisi nilizipeleka kwa Fundi, na ndivyo tulivyojuana.

Chumba chake hakikuwa na kibao wala rafu. Kulikuwa na meza ya mninga iliyoungua hapa na pale kwa pasi ya kulehemu, mita yenye kioo kilichopasuka, globu ya taa ya gari iliyofungwa waya mbili, na tasbihi. Mgeni alidhani tasbihi ile ni ya ibada peke yake. Ilikuwa pia saa yake. Ukimletea betri hakuangalia ganda, hakuuliza umeinunua lini. Aliiunganisha na globu, globu ikawaka, naye akaanza kuvuta shanga, subhanallah, subhanallah, taratibu, mpaka mzunguko ukatimia. Globu ikiwa bado ina mwanga wake wa mwanzo, na mshale wa mita haujashuka, betri ni nzima. Globu ikianza kuwa nyekundu katikati ya shanga, alikurudishia betri yako bila maneno. Shehe mmoja alimwambia si adabu kumtaja Mungu kwa kazi ya betri. Akajibu kwamba Mungu hachukii kutajwa, wanaochukia ni wenye betri mbovu.

"Betri usiiulize imekaa," alikuwa akisema. "Imekaa, kila betri ni nzima. Iulize imebeba."

Alipenda kutoa mfano wa wapagazi, kwa kuwa Unyamwezini kila nyumba ina babu aliyewahi kubeba pembe hadi pwani au vitambaa kutoka pwani. Alidai mpagazi hakuchaguliwa kwa ukubwa wa kifua. Alitwishwa mzigo akaambiwa atembee mpaka kisimani na kurudi, na wengi wenye vifua vikubwa hawakurudi na mzigo. Sijui kama ni kweli. Kwenye mambo ya kale Fundi alikuwa na uhuru kama ule wa bao.

Jambo lililomkera kuliko yote ni kuanika betri. Betri zilikuwa adimu siku zile, zinakuja dukani leo na kwisha leo, na mji mzima ulikuwa na dawa moja. Betri ikichoka unaitoa kwenye redio, unaiweka juani siku mbili, juu ya bati au ukutani, kisha unairudisha. Na kweli, redio inaimba. Inaimba nusu saa, saa moja, halafu inakufa tena, unaanika tena. Ukuta wa jirani yake ulikuwa umepangwa betri tangu mwanzo hadi mwisho. Fundi akipita aliuliza kama wanakausha dagaa. Watu walicheka na hawakuacha, mimi mmojawapo. Mama yangu Puge alianika, mwalimu wetu alianika, sikumjua mtu asiyeanika. Siku moja alinikuta nimeziweka zangu kwenye dirisha la stoo, akazikusanya zote kwa kiganja na kuniwekea mezani.

"Binti," akaniambia, "jua humwamsha mgonjwa. Halimponyi."

Nilisema nimesikia. Alipoondoka nikazirudisha dirishani.

Kilichonishangaza ni kwamba mtu huyu hakupenda redio. Alizipenda zikiwa wazi, matumbo nje. Zikianza kusema alipunguza sauti mpaka mwisho, na saa ya taarifa ya habari alitoka nje akasimama mtaani hadi imalizike. Alisema amesikiliza redio za watu wengi mno, na zote zinamwambia mambo yale yale. Nyumbani kwake hakuwa nayo. Mkewe, mwanamke mnene mwenye maneno machache, alikwenda kusikiliza taarabu kwa jirani.

Na ujamaa je? Mikutano alikwepa. Balozi wetu wa nyumba kumi alimwandika mara nyingi kwa kutofika shamba la pamoja. Siku aliyofika alikuja na kanzu nyeupe, akasimama kwenye tuta akitoa ushauri. Lakini koleo yake, nyundo yake, hata pasi ya kulehemu, zilizunguka Gongoni, Kanyenye hadi Isevya, na nyingine zilirudi baada ya mwaka. Hakuwahi kufuata chombo kwa mtu. Balozi alipomlaumu kwamba si mjamaa, mkononi alikuwa ameshika bisibisi ya Fundi.

Mimi alinifundisha. Sikuomba, alifundisha kila aliyesimama karibu. Nikasimama mara nyingi, kwa sababu ofisini hakuna aliyenieleza kitu, waliniagiza tu. Kwake nilijifunza kulehemu bila kuunguza, kusoma mita, kutofautisha waya wa moto, wenye umeme, na wa baridi. Alinisifia kwa watu. Alisema mtoto huyu wa Puge ana mkono mkweli. Alitumia neno hilo hilo, mkweli, na nikiwa njiani kurudi ofisini nililirudia moyoni.

Basi ikaja simu ya upepo. Kijiji kimoja kipya ng'ambo ya Usinge, ndani kabisa ya pori la miyombo, kilikuwa kimepata zahanati na nesi mmoja. Barabara haikuwepo ya maana. Kaliua kulikuwa na gari la wagonjwa, likiitwa linafika kwa saa chache, lakini nani aliite? Ikaamuliwa zahanati ipewe simu ya upepo, redio ya kusemezana. Unabonyeza kitufe unasema, unaachia unasikia. Ofisi ikapata mashine moja kuukuu, na Fundi akapewa kazi ya kuifufua. Aliifanyia kazi wiki tatu, akaitengeneza vizuri kuliko ilivyokuwa mpya. Kilichobaki ni cha kuilisha, kwa maana kule hakuna umeme.

Hapo ndipo alipokuwa na wasiwasi, na alinieleza nikaelewa. Siwezi kujitetea kwa ujinga. Alisema kusikia kunataka umeme kidogo sana, betri iliyochoka inaweza kusikia mwezi mzima. Kusema ndiko kunakokula, tena kwa ghafla, palepale unapobonyeza. Kwa hiyo betri mbovu itamdanganya nesi: atasikia sauti za watu kila siku, ataamini simu ni nzima, mpaka siku atakapotaka kusema.

Alitaka betri za gari, mbili. "Moja kazini, moja njiani," alisema. "Ikichoka hii, treni inaileta tuichaji, nyingine inashika zamu." Mkubwa wetu wa ofisi akakataa. Tindikali iliwahi kumwagika kwenye behewa ikatoboa magunia ya watu, hakutaka kesi ya pili. Tena kulikuwa na uzinduzi, wageni wanakuja, alitaka kitu safi, kisanduku kilichopakwa rangi. Zikaamuliwa betri kavu, ishirini na nne, mistari mitatu ya nane nane. Fundi akakubali kwa masharti mawili: ziwe mpya, na zipimwe zikiwa na mzigo kwa siku mbili, tasbihi moja kila saa, toka asubuhi hadi magharibi.

Siku tatu kabla ya treni ya kupeleka simu ile, dada yake akafariki Igunga. Alikuja stoo asubuhi na mkoba wa safari, macho mekundu. Kulikuwa na cheti cha upimaji ambacho ilibidi kitiwe sahihi na fundi, bila hicho sanduku halitoki. Asingekuwa amerudi siku ya treni. Akaomba cheti, akatia sahihi chini kabisa, juu kukiwa kutupu. Akaweka mezani mita yake, globu yake na tasbihi.

"Zikimaliza siku mbili, jaza. Zisipomaliza, chana karatasi hii na simu isiondoke. Mkubwa akikasirika mwambie ni mimi."

Nikamwambia sawa, na nikampa pole ya msiba.

Betri mpya hazikufika. Nilizokuwa nazo zilikuwa katoni moja iliyokaa stoo masika mawili. Nikazipanga sandukuni, nikaunganisha globu, nikaanza kuvuta shanga. Sikujua kuvuta tasbihi, mimi Mkatoliki, lakini shanga hazina dini katika kuhesabu. Globu iliwaka vizuri. Kabla sijafika nusu ikawa nyekundu.

Nilikuwa na nafasi ya kuchana karatasi. Nilikuwa na ruhusa ya kuchana, tena nimepewa na mtu wa kumsingizia. Lakini mkubwa alikuwa amesema mbele ya wote kwamba karani mwenye uwezo huonekana siku kama hizi, na nafasi ya juu yangu ilikuwa wazi, na mimi niliitaka. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nikapanda ngazi nikazipanga betri zote ishirini na nne juu ya bati la stoo, jua la Tabora la mwezi wa tisa, siku mbili nzima. Siku hizo mbili ndizo zilizokuwa za kupima.

Jioni ya mwisho nikazishusha, zikiwa moto mkononi. Nikazipima kwa mita peke yake, zimekaa, hazijabeba. Mshale ukasimama pale pale unapotakiwa. Globu ilikuwa mezani, waya zake mbili tayari. Sikuiwasha, kwa kuwa nilijua itaniambia nini. Nikajaza cheti kwa mwandiko mzuri, juu ya sahihi ya mtu aliyekuwa Igunga anamzika dada yake.

Kwenye uzinduzi simu ilisema. Mgeni wa heshima alibonyeza kitufe, akasalimia Kaliua, Kaliua wakaitikia, vigelegele vikapigwa. Jua langu lilikuwa bado limo ndani ya betri. Nililetewa habari hizo nikazipokea kama haki yangu.

Wiki ya tatu, saa tisa alasiri, akaletwa zahanati mama wa mimba ya kwanza, mke wa mrina asali. Alikuwa akitoka damu. Nesi hakupoteza muda, alikaa kwenye simu. Akawasikia Kaliua wanamwambia waziwazi, "Tunakusikiliza, sema." Akabonyeza. Taa ya simu ikazimika, sauti ikakatika. Akaachia, ikarudi. "Tunakusikiliza, sema." Akabonyeza tena. Kaliua gari lilikuwepo, dereva alikuwepo, amekaa kwenye benchi. Nesi alibonyeza mpaka kidole kikavimba. Mume akamwomba amfungulie sanduku, akatoa betri zote akazipanga chini uani, kwenye kipande cha jua kilichobaki, akawa anazigeuzageuza na kivuli kinamfuata. Jua lilipokwisha wakambeba mkewe kwa machela kuelekea reli. Hakufika. Mtoto hakuwahi kuzaliwa.

Haya yote niliyasikia kwa mdomo wa nesi mwenyewe, ofisini kwetu, siku ya uchunguzi. Niliketi pembeni nikiandika kumbukumbu za kikao, maana siku hiyo nilipangiwa kazi hiyo. Alipofika kwenye betri kupangwa uani, kalamu ilisimama. Mkubwa akaniangalia, nikaendelea kuandika.

Fundi akaonyeshwa cheti. Akaulizwa kama sahihi ni yake, akasema ni yake. Nilingoja aseme kwamba alitia sahihi karatasi tupu. Hakusema. Akaomba ruhusa ya kutoka nje kidogo na mimi. Tukasimama barazani.

"Binti, globu uliiwasha siku mbili?"

"Ndiyo, Fundi."

"Zikamaliza tasbihi?"

"Zilimaliza."

Aliniangalia, na nawaapia hapakuwa na shaka yoyote usoni mwake. Hilo ndilo limenikaa kuliko vyote. Kama angenishuku ningeungama, au ningemchukia, na vyote viwili vingekuwa nafuu. Akatazama chini, mikono yake ikawa inaunganisha kitu kisichokuwepo.

"Basi ni mimi," akasema. "Kuna mahali sikulehemu vizuri. Akibonyeza, umeme unavuja."

Akarudi ndani akasema hivyo hivyo, wakaandika. Niseme ukweli, niliandika mimi.

Mashine ilipelekwa Dar es Salaam kuchunguzwa, haikurudi. Barua ikazungushwa na kusomwa ofisi zote, yenye jina lake kamili, kwamba aliua kwa uzembe na asipewe tena kazi ya serikali. Angeweza kuendelea na redio za watu wa mtaani, watu wa mtaani hawasomi barua za ofisi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeacha. Aliyekwenda na redio aliambiwa, "Redio sitengenezi," na kuelekezwa kwa fundi mwingine, hodari nusu yake. Akaanza kutengeneza karabai, kufuli na miavuli.

Baada ya arobaini ya yule mama alikuja ofisini kwangu. Anakwenda kijijini, alisema, kumwomba radhi mume na wazazi, na njia kutoka Usinge haijui. Aliona vizuri twende wawili, kwa kuwa mimi ni wa ofisini na nazijua lugha za kule. Nikasema nina kazi. Akakubali kwamba kazi za serikali ni nyingi, akaenda peke yake. Alipanda treni, akatembea porini nusu siku na utu uzima ule, akaketi mbele ya mrina asali akasema, mimi ndiye niliyekuulia mke. Aliporudi hakunieleza waliyosema. Alileta tu salamu za nesi.

Nafasi ya juu yangu nikapata. Baadaye nikahamishiwa Mwanza, nikapata na nyingine. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu na ilikuwa na lami. Niliolewa, nikazaa watatu, na kila mara wakunga waliponiambia sukuma, nilimwona mtu anageuzageuza betri uani. Kwa padri nilikwenda. Alinisamehe kwa jina la Mungu, nikatoka kanisani nikiwa yule yule, kwa sababu Mungu hakuwa yeye aliyefukuzwa kazi.

Nilirudi Tabora nikiwa na mvi, ujamaa wenyewe ukiwa umebaki kwenye hotuba. Ningeweza kwenda kwake siku ya kwanza. Nilikwenda ya ishirini, nikiwa na mwavuli mzima niliouvunja ubavu makusudi. Aliutengeneza kwa furaha, akaniuliza habari za Mwanza, akanitania kwamba nimenenepa kama wali wa sikukuu. Nikarudi na kufuli. Nikarudi na karabai. Watu wangedhani nyumba yangu ina laana ya kuvunja vyombo. Kila nilipokwenda nilikuwa na neno kinywani, na kila nilipotoka nilitoka na chombo kilichotengenezwa.

Safari ya nne sikubeba kitu. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, kazi alikuwa anaifanya kwa kupapasa. Mkewe alikuwa uani na ungo, anachagua mchele. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanyoosha mkono apokee chombo. Alipoona hakuna akauweka mkono gotini.

Nikamwambia. Sikupanga maneno. Nilisema betri hazikuwa mpya, nilisema globu ilikuwa nyekundu kabla ya nusu, nilisema nilizianika juu ya bati siku zile mbili nikajaza cheti, na nilisema barazani nilimwangalia usoni nikamdanganya.

Nilijiandaa kwa tusi, kwa laana, kwa kilio. Nilivitaka.

"Rudia," akasema.

Nikarudia, toka mwanzo. Niliporudia aliinamisha kichwa upande mmoja, sikio kwangu.

"Kwa hiyo redio ilikuwa nzima."

"Ilikuwa nzima, Fundi."

"Nililehemu vizuri."

"Ulilehemu vizuri."

Akageukia uani akamwita mkewe, kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. Alimwambia aache mchele, aje asikie. Mwanamke akaja akijifuta mikono kwenye khanga, akasimama mlangoni akitutazama kwa zamu.

"Mwambie na huyu," Fundi akaniambia.

Nikasema mara ya tatu. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote, maana yeye hakuinamisha kichwa, alinikazia macho mwanzo hadi mwisho. Nilipomaliza alikaa chini sakafuni, taratibu, akishika mguu wa meza.

"Kila akilala anailehemu," akaniambia. "Mikono yake inakwenda hivi. Miaka yote hii, mimi namshika mikono ili alale."

Nikaanza kuomba msamaha. Fundi akanikatiza kwa kiganja, si kwa ukali. Uso wake ulikuwa umelowa na ulikuwa na furaha, furaha kabisa, na sijawahi kuona kitu kilichoniumiza kama ile furaha. Akauliza leo ni siku gani. Mkewe akamwambia.

"Basi treni ya Kigoma ni kesho," akasema. "Mrina asali yupo bado, nasikia ameoa. Usinge unashuka, unaulizia njia. Utakwenda wewe. Mimi nilikwisha kwenda."

Nikauliza nikifika kule nianze na nini. Mkewe ndiye aliyejibu, akiwa bado sakafuni, kwamba nianze na jina langu.